Risala ya Kikundi cha Twesige Kuhusu Kamba Waliobaki Kwenye Pipa

Mgeni rasmi, wote mliofuatana naye, viongozi wa kata na kijiji, mchungaji, katekista, majirani mliokuja kwa ajili ya hotuba na ninyi wengi mliokuja kwa ajili ya chakula: kasinge waitu, tunawasalimu.

KARIBU IZIGO

Sisi wanakikundi wa Twesige, wafugaji wa kamba wa maji baridi, tumefurahi umefika. Tungefurahi zaidi kama ungefika mwaka jana wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, maana wakati ule tulikuwa na kitu cha kukuonyesha. Leo umepita kwenye mabwawa yetu mawili na umeona maji yametulia. Mheshimiwa, kamba hawajalala. Hawapo.

Waliobaki ni mama wachache wenye mayai chini ya mkia. Wako kwenye pipa nyuma ya jiko la Edvina, mlishaji wetu. Mbegu nyingine hatuna, na aliyetuletea ile ya kwanza hapatikani tena kwenye simu. Wakiisha hao, kikundi kimeisha. Kwa hiyo risala hii ni ndefu, lakini habari yake ni ya pipa moja.

TULIKOTOKA

Migomba yetu ilinyauka, kila shamba kwa zamu yake. Ndipo mradi ukaja. Ukatuchimbia mabwawa pale bondeni, ukatuletea hawa kamba wenye magando, na ukatufundisha jambo ambalo hatukulijua: kamba hakui kama mbuzi. Ili akue lazima ajivue gamba (hapa tunazungumzia kamba tu, Mheshimiwa). Akishajivua anabaki laini kama ndizi iliyoiva, na wenzake wakimwona hivyo wanamla. Hawamuonei, ndivyo walivyo. Kinachomwokoa ni gamba jipya kukauka upesi, na gamba halikauki bila madini.

Mradi ulitupa virutubisho, unga wa kijivu kwenye kopo, wa kuchanganya na chakula. Edvina alikuwa anawalisha jioni, na kamba walikuwa wagumu hata ukimshika mmoja vibaya anakuachia alama. Mzee wetu Ta Rutaihwa bado anayo kidoleni na anaionyesha bila kuombwa.

Kisha mradi ukafika mwisho. Tukafanyiwa sherehe, tukapewa fulana, magari yakaondoka. Unga ulipoisha ndipo tukaelewa kwamba tulifundishwa kuutumia, hatukufundishwa kuutengeneza. Kamba wakaanza kulana.

Mwenyekiti wetu, Ma Kokushubila, alipanda gari mpaka Kashai, kwenye duka la dawa za mifugo.

"Mna virutubisho vya kamba?"

"Mama, tuna vya kuku, ng'ombe na nguruwe. Hao kamba wako wanaumwa nini?"

"Wanakosa gamba."

"Basi chukua hivi vya kuku wa mayai. Ganda ni ganda."

Tulivijaribu. Vilielea juu ya maji kama vumbi la barabarani. Kamba anakula chini. Waliviangalia tu, na sisi tukawaangalia wao.

MAFANIKIO

Mafanikio tunalo moja, na tunaomba ulisikilize vizuri kwa sababu hatuna lingine.

Senene walipoanguka, kina mama sokoni Kashai walikaa wakiwanyonyoa kama kila mwaka, mabawa na miguu vikawa vinatupwa kwa magunia. Edvina alivitazama, akasema, "Hiki nacho si gamba?" Wenzake wakamcheka. Katibu wetu, ambaye chuo alikiacha njiani lakini darasa la wadudu alilihudhuria, akasema kwamba huenda Edvina yuko sahihi: gamba la senene na gamba la kamba ni ndugu.

Tukapakia magunia kwenye bodaboda. Tukakausha, tukatwanga kwenye kinu pamoja na dagaa na maganda ya mayai, tukakanda na pumba hadi vidonge vikawa vizito vya kuzama. Kiganja kimoja kwa bwawa, basi. Mheshimiwa, baada ya muda kamba waliojivua walikuwa wanakauka kabla hawajaonekana na wenzao. Ukigonga mgongo kwa ukucha unasikia kitu kinajibu. Watu walitoka mpaka Rubafu kuja kutushangaa. Tulinenepa sisi kabla ya kamba.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni sisi wenyewe.

Furaha ilipozidi, tukasema lazima tumshukuru Mungu bwawani. Ibada ilipokwisha, kila nyumba ikaambiwa ije na senene kidogo, wazima, si mabawa, ili kamba nao wapate sikukuu. Tatizo ni hilo neno kidogo. Huku kwetu, Mheshimiwa, hakuna mtu anayejua kutoa senene kidogo. Walutheri walikuja na mabakuli. Wakatoliki wakaona mabakuli, wakarudi nyumbani kuchukua mabeseni. Edvina alisimama ukingoni na kijiko chake.

"Jamani, kiganja kimoja!"

"Wewe Edvina, mkono wako mfupi mpaka kwa wadudu?"

"Nitawanyima majirani zangu?" alisema Kahangwa, mwenzetu anayeishi kando ya bwawa, na akamimina beseni lake lote. Bwawa la pili nalo halikusahaulika.

Tuliimba. Tulipiga makofi. Tukaenda kula.

Chakula kile hakikulika, kikaoza, kikamaliza hewa majini. Kulipokucha kamba walikuwa wamepanda ukingoni wenyewe, wametoka kutafuta pumzi, wamejipanga kwenye majani kama watu wanaosubiri gari. Wengine walikuwa bado wanatikisa magando. Tuliwarudisha majini kwa mikono, wanapanda tena. Ma Kokushubila alikaa chini kwenye tope na nguo yake ya kanisani. Hatujawahi kumwona amekaa hivyo hata kwenye misiba yake mwenyewe.

Hao wa kwenye pipa walipona kwa sababu Edvina alikuwa amewatenga ili wenzao wasile mayai yao. Tangu siku ile Kahangwa haji kwenye mikutano. Hatukumfukuza. Tukimtumia salamu anasema anaumwa mgongo.

Changamoto ya pili ni ratiba ya leo. Tuliletewa ratiba ya ziara yako, na humo mmeandika kwamba mgeni rasmi ataonja mazao ya kikundi. Tulijibu ndiyo. Tungejibuje? Mgeni akisema anakuja kula, huku hatuna neno lingine la kumjibu. Kisha tukakaa kikao, na kikao kikawa hivi:

"Mimi siwapiki," akasema Edvina.

"Mgeni ale nini, tope?" akauliza Ma Kokushubila.

"Apewe ndizi na samaki sato," akasema Ta Rutaihwa.

"Sato anawala kila siku. Huyu anakuja kwa ajili ya kamba."

"Basi awaangalie."

"Ta Rutaihwa, mgeni wa kuangalia chakula umemwona wapi wewe?"

Katibu alishauri tufunge vifuu vya nazi kwa uzi tuvitikise bwawani wakati unapita. Wazo lilikataliwa kwa kura, japo si nyingi. Kikao kikavunjika, ratiba ikabaki ilivyo. Asubuhi hii Edvina ameinjika maji. Anafanya alichoambiwa.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: barabara, umeme, uzio. Tumeyafuta. Yamebaki mawili.

La kwanza, tunaomba mtaalamu aje apime ule unga wa mabawa, atuambie kipimo chake, na ukiisha msimu wa senene tutie nini badala yake. Tunajua unasaidia, hatujui kiasi, na kutojua kiasi ndiko kulikotuua. Mabawa tuliyohifadhi yamebaki chini ya debe. Mama hawa wakimaliza kuangua watajivua gamba, na watoto wao watajivua kila mara. Bila virutubisho watakuwa laini, na tumeshaeleza kinachofuata.

Ombi la pili ni la leo, na ni gumu kulisoma mbele ya watu.

Sisi hatuwezi kukunyima chakula. Lakini Wahaya tuna muziro. Kila ukoo una kitu usichokula, wengine samaki fulani, wengine mnyama fulani, na mtu akisema hiki ni muziro wangu, hakuna anayemuuliza zaidi. Sahani inaondolewa, anapewa kingine, na heshima ya nyumba inabaki palepale. Tunajua wewe si wa huku. Ta Rutaihwa amekubali kukuazima ukoo wake kwa siku ya leo, ukoo wote, na majina ya mababu atakutajia ukipenda. Tunakuomba, utakapoletewa maji ya kunawa, useme kwa sauti, Edvina asikie jikoni: "Kamba ni muziro wangu." Maneno hayo tu. Ndizi zipo, na sato yupo, amekwisha kukaangwa.

Hatukudanganyi kwamba ukisema hivyo kikundi kitapona. Huenda watakufa tu mwezi ujao, mmoja mmoja, kwa ulaini. Tunaomba huo mwezi.

Na usiposema, hatutakukumbusha, wala hatutakukunjia uso. Tutakupakulia wote, mama na mayai yao, na tutakaa nawe mpaka umalize.

Mungu akupe afya wewe na nyumba yako, akufikishe salama kwa barabara hiyo uliyoiona, na awape watoto wako mikono ya kutoa kwa kiasi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafugaji wa Kamba Twesige,
Izigo, Muleba.

Karibu mezani, Mheshimiwa. Maji ya kunawa yanaletwa.