Nukta za Hirvilahti

Benchi letu liko ukutani mwa duka la Sirkka, upande unaopigwa na jua, na mwezi wa nne ukifika huwezi kunikuta mahali pengine. Ziwa bado lina barafu ya kijivu, barabara ni tope tupu, na kahawa ya Sirkka ni nyeusi kiasi cha kusimamisha kijiko. Wenye benchi tuko wanne. Yupo Dizeli, aliyetengeneza matrekta ya eneo zima mpaka mgongo ulipomgomea. Yupo Waziri, aliyekaa kwenye baraza la halmashauri kipindi kimoja tu na hadi leo husafisha koo kabla ya kusema neno. Yupo Kauko, tunayemwita Nukta. Na nipo mimi, mwanamke pekee benchini, wananiita Posta, kwa sababu nilisambaza barua hapa Hirvilahti mpaka watu walipoacha kuandikiana.

Kauko tulimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Anaendesha orodha ya tovuti za Finland nzima, ila hakuipanga kwa alfabeti wala kwa biashara, ameipanga kwa ramani. Mwenye tovuti, iwe ya kuuza asali au ya kumsifia mbwa wake, anamwandikia Kauko na kumwambia alipo, na Kauko anaweka nukta papo hapo kwenye ramani. Ukiigusa nukta, tovuti inafunguka. Alianza mkewe akiwa hai, kwenye chumba kidogo nyuma ya sauna, na mpaka leo anaifanya peke yake. Mimi sina tovuti na wala siitaki, lakini mgeni akifika dukani, jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba ramani ile inatengenezwa hapa.

Shida yake ni mtandao. Kwetu unakuja kwa kukohoakohoa, na kuongeza nukta moja kunachukua muda wa kuchemsha viazi. Binti yake anayeishi mjini Jyväskylä alishachoka kumsikia akilalamika. Akasema waya wa intaneti ya kasi usipofika Hirvilahti mwaka huu, baba ahamie kwake, chumba kipo. Halmashauri nayo ilikuwa na waya wa kutosha kijiji kimoja tu. Kwa hiyo benchi letu lilikuwa mbioni kubaki na watu watatu, na mmoja wa hao watatu ni Waziri.

Asubuhi hiyo Waziri alifika kifua mbele. Alisema wakubwa wa halmashauri wameitazama ramani ya Kauko wakaona Hirvilahti ina nukta nyingi kuliko Kannasvesi, mji wao wenye sinema na duka la viatu. Sasa wanamtuma mama mmoja, leo hii, aje ajionee kijiji cha maajabu kabla hawajaamua waya uende wapi.

— Na mnajua kwa nini tunawazidi? akauliza. Ni elimu. Ni ile shule niliyoipigania.

— Shule ilifungwa wewe ukiwa kwenye baraza, nikamwambia.

— Ilifungwa, ndiyo. Lakini ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Dizeli akasema shule haihusiki hapo, mambo yote ni ya mwamba. Chini ya kijiji chetu kuna chuma, ndiyo maana dira ya marehemu baba yake ilikuwa inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na chuma kikiwa kingi kinavuta mawimbi ya mtandao kutoka pande zote.

— Sasa mbona simu yako haishiki hapa? nikamuuliza.

— Yanavutwa mengi mno, Posta. Yanasongamana mlangoni.

Mimi nikatoa langu. Nikasema ni giza la majira ya baridi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hakuna cha kutazama nje, watu wa Kannasvesi wanakwenda sinema, wetu wanakaa ndani na kutengeneza tovuti. Waziri akakubali nusu, lakini akaongeza sauna. Kwa maelezo yake, sauna ya kuni hupasha ubongo taratibu na ile ya umeme ya mjini huubabua, kwa hiyo mawazo mazuri ya nchi hii yote yanazaliwa kwenye kuni. Dizeli akakumbuka kuna Mjapani aliyewahi kupotea njia akalala kwa mjane wa mchungaji usiku mzima, na huenda hakuwa amepotea, alikuja kuichungulia siri yetu. Kabla birika la pili halijafika, walikuwa wameshahamishia bunge Hirvilahti, na ugomvi uliobaki ni wa wapi wabunge wataegesha magari, maana Dizeli hakutaka waegeshe kwenye uwanja wa matrekta.

Kauko alikuwa hajanywa. Kikombe amekishika, mkate wa iliki hajaugusa, na mtu asiyeugusa mkate wa iliki wa Sirkka ana jambo.

— We Nukta, nikamwambia, utatema au tukukamue?

— Mimi ndiye niliyekosea, akasema. Nilipoanzisha ramani sikuwauliza watu wanaishi wapi. Niliwauliza kwao ni wapi.

Hakuhitaji kuendelea, lakini aliendelea. Muulize mtu anayeishi ghorofa ya nne Helsinki kwao ni wapi, hatakutajia ghorofa. Atakutajia kijumba cha ziwani, mahali anapooga sauna kiangazi na kujitosa majini, mahali alipozikwa bibi yake. Nukta zote zile zilizotuzunguka, alisema Kauko, ni za watu wanaokuja barafu ikiyeyuka na kuondoka viazi vikishavunwa. Majira ya baridi zinabaki tatu tu: yake mwenyewe, ya duka la Sirkka, na ya mjane wa mchungaji anayefundisha kufuma soksi.

Benchi likapoa. Waziri ndiye aliyezinduka kwanza.

— Hatujamdanganya mtu, akasema, safari hii bila kusafisha koo. Tukae kimya tu. Kukaa kimya ni desturi yetu, nani atatushtaki?

— Ukimwambia huyo mama, akasema Dizeli, unajifungia mizigo mwenyewe. Utakwenda Jyväskylä ukapande lifti kila siku na watu wanaotazama viatu vyao. Utakufa, bwana.

— Lifti siiogopi sana, akasema Kauko. Lakini ramani nikijua ina uongo nikauacha, basi ni pambo la ukutani.

Nilimwambia ni mpumbavu. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka aondoke, na yeye alijua, kwa hiyo hakukasirika.

Gari dogo likaingia uwanjani, limepakwa tope mpaka madirishani. Akashuka mwanamke mwenye buti za mpira, akatusalimu kwa kichwa, akaingia dukani, akatoka na kahawa yake. Akakaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya watu wawili kati yetu na yeye, na hapo nikajua kwamba amelelewa vizuri, maana kwetu kumbana mtu usiyemjua ni kukosa adabu. Alisema anaitwa Outi, ametoka halmashauri. Akatoa simu, ramani ikaanza kufunguka taratibu, nukta kwa nukta, na sisi tukakaa tunaisubiri.

Kauko hakumngoja aulize. Akamweleza yote, swali alilowauliza watu na majibu waliyompa. Kisha akaanza kumwonyesha nukta kwa kidole. Huyu wa kwenye rasi ni daktari wa meno, yuko Espoo. Huyu wa kisiwani anaandika habari za uyoga, yuko Turku. Alizungumza kama mtu anayewatambulisha wanawe, bila haya na bila kuomba msamaha, na nikaona mgongo wake umenyooka. Nilijisikia fahari kukaa naye benchi moja, hata kama alikuwa anatukosesha waya.

— Na hii, kwenye gati la Posta, ni ya Jouni wake, akasema. Anarekebisha vinanda vya akodioni. Yuko Vantaa.

Jouni ni mwanangu. Sikujua kama ana tovuti. Ana miaka mingi huko Vantaa, hunipigia simu Krismasi na Siku ya Akina Mama, tunazungumza habari za hali ya hewa, yeye anauliza kama barafu imeyeyuka, mimi namwambia bado. Siku zote nilidhani anauliza kwa kukosa cha kusema. Nikamwomba Outi anisogezee simu, nikaitazama nukta ile. Ilikuwa pembeni mwa gati kabisa, pale alipokuwa anakaa na miguu majini alipokuwa mdogo.

Outi alinywa kahawa yake hadi mwisho. Akasema amefurahi kuambiwa ukweli, na ukweli ndio unaotumaliza, kwa sababu taratibu zao zinahesabu wanaolala kijijini majira ya baridi. Waya utakwenda kwingine. Akasimama, akafuta kikombe kwa kiganja, halafu akatugeukia.

— Kuna kitu kimoja sikielewi, akasema. Hawa watu huko waliko wana waya, wana lifti, wana kila kitu. Mbona hakuna hata mmoja aliyesema huko ndiko kwao?

Waziri akasafisha koo. Tukamtazama. Akalisafisha tena, kisha akainamia kikombe chake. Dizeli, mwenye mwamba wa chuma na Mjapani, alikuwa anazitazama buti zake. Mimi, mwanangu mwenyewe alikuwa ndani ya swali lile. Outi alisubiri kwa adabu, kisha akaenda kwenye gari lake.

Kauko akatoa simu, akaenda mpaka kwenye kona ya duka ambako mtandao unashika, akampigia binti yake. Tulimsikia vizuri, maana mtandao ukiwa mbovu watu hupaza sauti.

— Kile kitanda usikitandike, mwanangu. Hapana, waya hauji. Nabaki. Watu wote hawa kwao ni hapa, nikiondoka nani atabaki kwao?

Akasikiliza kidogo. Akasema ndiyo, anajua, mtandao utakuwa wa polepole hivyo hivyo, akakata simu, akarudi kula mkate wake.