Kuruta Aliyelala Kabla ya Amri

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa ufupi. Mwenyekiti, mimi ni Mnyamwezi wa Usoke, ufupi sikufundishwa, lakini nitajitahidi. Na ninyi mliokaa hapa mbele, nikianguka katikati ya maneno msikimbie. Nilazeni ubavu, msinitie kijiko mdomoni, mngoje. Nikiamka nitaendelea pale nilipoishia.

Ndugu zangu, kifafa kilinianza nina miaka kama tisa, ndani ya banda la baba la kukaushia tumbaku. Tangu siku hiyo, kila kinapokuja nasikia kwanza harufu ya tumbaku, hata kama tumbaku haipo. Wakati ule tulikaa mbalimbali, nyumba moja huku, nyingine ng'ambo ya pori, kwa hiyo siri yetu ilitulia. Mama alinizungusha kwa waganga wa kienyeji. Mmoja alinichanja, mwingine alininywesha kitu ambacho mpaka leo sitaki kukijua.

Kisha ikaja Ujamaa. Tukahamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama mabehewa. Kwa shule na maji ulikuwa mpango mzuri. Kwa mwenye kifafa ulikuwa msiba! Nikianguka nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanajua kabla povu halijakauka. Haikupita wiki nikapewa sahani yangu peke yangu na kikombe changu peke yangu. Kisimani watu wananipisha kama chifu. Chifu gani huyo asiyepata hata mchumba?

Baba naye alikuwa na lake. "Babu yako alikuwa mpagazi," alikuwa akisema. "Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, hakuanguka hata mara moja. Wewe debe moja la maji, chini!" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na uchungu na hakujua auweke wapi.

Basi wakaja watu wa serikali kutafuta vijana wa kuingia jeshini. Nikajiambia, huko hakuna anayenijua. Tazameni akili yangu! Namkimbia jirani wa nyumba ya pili, naenda kulala chumba kimoja na wanaume thelathini.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, huko ukianguka nani atakuokota?"

"Mama, jeshini watu hawaanguki."

Akaingia ndani kunifungia chakula cha njiani.

Tukapimwa Tabora mjini, foleni ndefu, vifua wazi. Wakanikagua meno kama ng'ombe wa mnadani. Wakaniambia ruka, nikaruka mpaka mpimaji akasema basi, utatoboa dari. Akashika kalamu. "Una ugonjwa wa kuangu..."

"Sina!"

"Sijamaliza kuuliza."

"Hata ukimaliza, sina!"

Akacheka, akagonga muhuri. Nikawa kuruta.

Afande wetu wa mafunzo alikuwa mfupi, lakini sauti yake ingeweza kusimamisha garimoshi. Alipenda zoezi moja: tunatembea kwenye majani marefu, akipaza sauti "Adui mbele!" wote tunajitupa chini. Wa mwisho kulala anachimba choo. Asubuhi moja tunatembea hivyo, pua yangu ikapata tumbaku. Sikuwahi hata kusema lolote. Yanayofuata nilisimuliwa. Afande alikuwa ndio kwanza anavuta pumzi apige kelele, mimi nikaenda chini kama gunia. Wenzangu kuniona, wakadhani amri imetoka na wao hawakuisikia. Wakajitupa chini wote, kikosi kizima! Afande akabaki amesimama peke yake, mdomo wazi, neno lake bado limo ndani.

Mimi huko majanini natetemeka, na majani yamenificha. Nilipopata fahamu nikasikia, "Huyu ndiye askari! Amemnusa adui kabla sijasema!"

Kesho yake nilisimamishwa mbele niwafundishe wenzangu namna ya kulala chini. Nawaambia ukweli, nilifundisha vibaya sana. Nikiwa na akili zangu timamu nilikuwa naanguka polepole, nachagua mahali.

Mmoja tu hakudanganyika, mwenzangu wa kitanda cha jirani, Msukuma wa Igunga. Jioni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kule majanini ulikuwa unatafuna nini? Mdomo ulijaa povu."

"Sabuni," nikasema. "Nilikuwa nasafisha meno."

"Katikati ya zoezi?"

"Ndiyo."

Akavuta blanketi, akalala.

Sasa kwa sifa zile nikachaguliwa kundi la kwanza la kulenga shabaha kwa risasi za kweli. Tumelala mstari, bunduki mbele, yule mwenzangu kuliani kwangu, karibu kiasi cha kumsikia akihema. Kidole changu kiko pale kinapotakiwa kuwa. Ndipo ikaja tumbaku.

Ndugu zangu, hapa sitanii. Kwanza nilijidanganya kwamba kuna mtu anavuta sigara. Hakukuwa na mtu anayevuta. Nikaiona ile sahani yangu peke yangu, nikaiona njia ya kisimani watu wakinipisha. Nikisema, narudi huko. Nisiposema, mkono huu utaanza kucheza wenyewe, na kichwa cha mtoto wa watu kiko hapo pembeni. Mama yake naye alimfungia chakula cha njiani.

Nikatoa kidole. Nikailaza bunduki chini, nikajiviringisha mbali nayo, nikapiga kelele, "Afande, nina kifafa!"

"Una nini?"

"Kifafa!"

"Kwa ruhusa ya nani?"

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia.

Nilipoamka, kichwa changu kilikuwa juu ya koti lililokunjwa, la yule Msukuma, naye amekaa kando yangu. Wengine walikuwa wamesogea mbali, na afande yuko katikati, haji wala haondoki. Mwenzangu akaniinamia: "Hiyo sabuni yako, ndugu yangu, ni kali."

Nikapelekwa kwa bwana mganga wa zahanati ya kambi. Mzee yule alinifuta povu kwa mkono wake, bila kurudi nyuma. Tangu utoto hakuna mtu mwingine ila mama aliyewahi kunifuta. Akanieleza kwamba si uchawi, hauambukizi kwa mate, ni ugonjwa wa kichwani na una vidonge, kila siku.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Ugali unakula mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Basi, na hivi hivyohivyo."

Afande akaniita. Nilijua leo nakufa. Akasema, "Kuruta, ulinidanganya."

"Ndiyo, afande."

"Lakini umeokoa mtu."

"Ndiyo, afande."

"Usiitikie kila kitu!"

"Ndiyo, afande."

Akageuka upande. Naapa alikuwa anacheka, au analia, mabega yanafanana.

Jeshi waliniachisha, na ilikuwa haki. Nililia ndani ya garimoshi kutoka Tabora mpaka Usoke, nina barua ya bwana mganga mfukoni na mkebe wa vidonge. Lakini kusema mara moja kulikuwa kumeshanitoa woga. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama, nikaisoma ile barua yote. Bibi mmoja akauliza, "Kwa hiyo kisimani tulikupisha bure?" Watu wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Kicheko kilipokwisha, mwanamume mmoja akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. "Mke wangu naye anaanguka," akasema. "Miaka miwili nimemfungia ndani." Wiki ile tulikwenda naye hospitali, sisi watatu.

Namshukuru mama, ambaye hakuacha kunifuta. Namshukuru bwana mganga, Mungu amlaze pema, na yule Msukuma na koti lake. Hata afande namshukuru. Tangu hapo nimeanguka mara chache, na nyingi ni siku nilizoruka vidonge kwa ujeuri wangu.

Ninachowaomba ni kidogo. Kama huwezi kuwaambia wote, mwambie mmoja, yule aliye karibu nawe ukianguka. Na kama leo umekuja hapa umemwacha mtu nyumbani, mlango umefungwa, sitakuuliza jina. Kliniki ya kifafa inafunguliwa kesho asubuhi, na mimi huwa nakaa benchi la kwanza. Njoo naye. Nitasogea mkae.