Bega la Kulia la Namba Sita

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi cherehani, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata limeinamia upande gani. Kila Jumatatu alasiri, kazi zikipungua, wanakutana hapo kuikagua timu ya raga ya mji. Katikati hukaa Refa, jina alilojipa mwenyewe, maana filimbi hajawahi kuipuliza. Kushoto kwake ni Takwimu, karani mstaafu mwenye daftari ambalo kila tukio la uwanjani lina safu yake. Kinyozi hukaa ukingoni, jicho moja kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara, asije akampoteza mteja. Shangazi huwauzia kahawa na wala hana timu. Fundi mwenyewe hakai benchini. Yuko mlangoni nyuma ya cherehani, na siku hiyo alikuwa anashona jezi zilizochanika Jumamosi, huku roho yake haijatulia hata kidogo.

Msimu ulikuwa umefika nusu. Timu ilishinda mechi tano za mwanzo, watu wakaanza kutembea vifua mbele, kisha ikapoteza nne mfululizo. Lawama zilitafuta mtu wa kumkalia, zikamkalia namba sita, jamaa mmoja mpana wanayemwita Nyundo kwa jinsi alivyokuwa akiwaangusha watu.

— Haya, soma, Refa alimwambia Takwimu.

Takwimu akalowesha kidole, akafunua daftari.

— Mechi ya kwanza, Nyundo kaangusha watu kumi na sita. Ya pili, kumi na wanane. Ya tano, kumi na saba. Jumamosi hii, watano.

— Mmoja kati ya hao alijikwaa mwenyewe, alisema Kinyozi.

— Huyo nimempa nusu.

— Nusu mtu?

— Nyundo alikuwa karibu.

Refa akatoa karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya paja. Ilikuwa barua kwa kocha, kwa niaba ya mashabiki wa kona hiyo, kuomba Nyundo awekwe benchi kwa sababu ya uvivu na woga. Hii ilikuwa barua yao ya pili. Ya kwanza ilimhusu namba kumi na tano, na wiki iliyofuata kijana hakucheza kweli. Kwamba alikuwa na homa, Refa hakutaka hata kusikia.

— Tumeshatia sahihi watatu, alisema. Bado Fundi.

— Niache nimalize mshono huu kwanza, Fundi akajibu.

Mshono ulikuwa umekwisha. Fundi alikuwa anashona juu ya uzi wake mwenyewe, na aliyekuwa mikononi mwake, kwa bahati mbaya, alikuwa namba sita.

Klabu ilikuwa ikimletea gunia la jezi kila Jumatatu, mwaka wa saba sasa, kila mechi na seti yake, zilizoshonwa zikibaki kwake mpaka msimu uishe, na Fundi alizijua kama daktari anavyojua migongo ya wagonjwa wake. Mwanzo wa msimu, jezi ya Nyundo ilikuja imechanika bega la kulia kila wiki, kwa sababu ndilo alilotangulizia. Baada ya mechi ya tano, bega la kulia likaanza kurudi zima kabisa. Michaniko ikahamia kushoto. Fundi akajiambia hayamhusu. Kisha Nyundo akaja mwenyewe, kupitia mlango wa nyuma, na fulana ya mazoezi na kipande kinene cha sifongo, akaomba kishonwe kwa ndani, begani. Fundi akamwambia ainue mkono apimwe. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Jamaa akacheka, macho yamejaa machozi.

— Pima hapo hapo, Mzee wangu. Na tafadhali, iwe yangu na yako. Mkataba wangu unajadiliwa mwisho wa mwezi. Wakijua, nimekwisha.

Fundi akaapa. Tangu siku hiyo akajiona mjinga, na usingizi ukawa wa kubahatisha. Jumamosi inayokuja timu ilikuwa inakutana na vinara wa ligi, watu wenye vifua kama milango, na Nyundo angeingia tena na bega lile. Kwa hiyo barua ya Refa ilimtamanisha, aibu iliyoje. Angetia sahihi, pengine kocha angesikia, bega lingepumzika, na kiapo kingebaki kizima. Ila jamaa angepumzishwa kwa jina la mwoga.

— Si uvivu, Kinyozi alisema, akipokea kikombe kwa Shangazi. Ni nywele. Mimi ndiye niliyemkata zile rasta. Kilo nzima ile. Mtu amecheza miaka sita na kilo moja kichwani, leo unamtoa, atapata wapi mizani?

— Kwa hiyo kosa ni lako, Refa alisema.

— Aliniomba mwenyewe.

— Hamna cha nywele. Ni uwanja, Takwimu akaingilia. Walipopaka chokaa upya waliuongeza upana. Nimeuhesabu kwa hatua. Zimezidi mbili.

— Si umefungwa goti wewe? Kinyozi akamuuliza. Hatua zako zimekuwa fupi.

Takwimu akaandika jambo daftarini.

— Nyie mnazunguka tu, Refa akasema, akishusha sauti na kuwavuta wote karibu. Mimi nimekaa nyuma ya lango mechi nne. Nyundo tunayemjua anakuja kwa kulia. Huyu anakuja kwa kushoto. Nyundo akiisha kumwangusha mtu anamnyanyua kwa mkono wa kulia. Huyu anamwacha hapo hapo. Mimi nasema yule si Nyundo.

— Ni nani?

— Ndugu yake. Pacha. Nyundo mwenyewe ameshapelekwa timu nyingine, huko nje, kimyakimya. Huyu tumeachiwa tumzoee.

Fundi alitarajia wacheke, lakini Kinyozi alikuwa anakuna kidevu.

— Sasa umenikumbusha, Kinyozi alisema taratibu. Mwezi uliopita sikio lake la kushoto nililiona geni.

— Andika hilo, Refa akamwambia Takwimu.

Fundi alishika mkasi, akauweka, akaushika tena. Alikuwa amewasikia watu hawa wakimsema marehemu baba yake kocha, wakimsema mwamuzi, wakiusema upepo, na siku zote alicheka. Leo alitamani ubao ule uvunjike nao juu yake. Maana Refa, kwa ujinga wake wote, alikuwa ameona kila kitu kama kilivyo: upande, mkono, wiki. Alikosea maana yake tu.

— Dada zake ni wanne, sauti ikasema. Wa kiume ni yeye peke yake.

Wakageuka. Kando ya chupa ya kahawa alisimama mwanamke mwenye kitambulisho cha kazi shingoni na mfuko wa nailoni mkononi. Shangazi alikuwa ameshampa kikombe, kumbe yupo hapo muda wote.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mwanangu, Refa akajibu. Wewe wamjuaje?

— Ni mume wangu.

Refa akaichukua barua, akaiweka juu ya ubao, akaikalia. Kinyozi akagundua ghafla kwamba kiti chake ng'ambo kina vumbi, ila miguu ikakataa kunyanyuka.

— Karibu, shemeji, Takwimu alisema. Tulikuwa tunachambua mchezo tu.

— Nimesikia mnavyochambua. Sikuja kugombana. Nyie mnamwangalia kila wiki, na daftari mnalo. Mimi Jumamosi niko kazini, simwoni. Naomba niulize kitu kimoja.

— Uliza chochote, Refa alisema. Hapo umefika.

— Mara ya mwisho mlimwona lini akiinua mkono wa kulia juu ya kichwa?

Takwimu akafungua daftari kwa bidii. Alikuwa na safu ya walioangushwa, safu ya mateke, safu ya adhabu, hata ya mara ambazo kocha alivua kofia. Akafunua nyuma, akafunua mbele. Refa akatazama juu kana kwamba jibu liko kwenye nyaya za umeme. Kinyozi akainua mkono wake mwenyewe wa kulia, ajaribu, akaushusha.

— Hiyo, Takwimu alisema mwishowe, sina.

Yule mwanamke akatikisa kichwa bila kuwalaumu.

— Naulizia kwa sababu shati namfunga vifungo mimi, asubuhi, anasema tunacheza. Mtoto anamwinua kwa mkono mmoja, anasema anafanya mazoezi. Jana nafua fulana yake nikakuta hiki.

Akatoa mfukoni kipande cha sifongo, bado kina unyevu, pembeni kimezungushiwa uzi wa bluu mara mbili. Fundi alikitazama kile kitu. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Uzi wa bluu unauzwa kila duka. Lakini moyo ulikuwa umechoka kubeba.

— Wiki ya tano, alisema.

Wote wakamgeukia.

— Baada ya mechi ya tano haupandi tena. Unafika hapa. Akajigusa kifuani. Nilimpima mwenyewe. Na huo mshono ni wangu.

Mwanamke akaja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya cherehani.

— Ulijua mwezi mzima, baba?

— Nilijua.

— Ukamshonea sifongo.

— Nilimwapia, mwanangu. Alilia hapo unaposimama.

— Analia na nyumbani, akidhani nimelala.

Kisha akasema kwamba amemwomba mara tatu aende kwa daktari wa timu, na mara tatu ameambiwa ni uchovu. Yeye mkewe akienda peke yake, daktari atamwita Nyundo, Nyundo atacheka, atasema wake za wachezaji wana woga, yataishia hapo. Lakini fundi aliyempima kwa mikono yake, mwenye jezi za msimu mzima za kuonyesha, huyo hawezi kuchekewa.

— Twende wote, alisema. Leo, kabla ya Jumamosi.

Fundi aliitazama jezi iliyokuwa mbele yake, bega la kulia halina hata alama.

— Mkataba wake je?

— Tutakula nilicho nacho.

— Hatanisamehe. Huyo kijana atanichukia maisha yake yote.

— Akuchukie, mwanamke alisema. Lakini akuchukie akiwa na mikono miwili.

Fundi akafunika cherehani, akazikunja jezi kwa mpangilio wa wiki, ya kwanza chini, akauliza zahanati ya klabu hufungwa saa ngapi.