Niliacha Masjala, Nikapewa Watunzi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye nguvu, asifiwe na sisi tuliochoka pia. Mchungaji ameniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyonitoa ofisini akanipa kazi ya kulea watunzi wa nyimbo. Nitashuhudia, ila mnivumilie, maana baadhi ya watunzi hao wamekaa hapa mbele yangu, na leo pia wamechelewa kuingia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Mpanda. Nilipokea barua, nikazisoma, nikaziweka kwenye majalada yake. Barua yenye kosa haikupita mezani kwangu. Nikiona kosa kwenye mstari wa pili, wa tatu sikuusoma. Niliirudisha kwa aliyeiandika. Wakubwa walinisifu kwa hilo, nami nikalihesabu kuwa ni karama.

Jumapili nilikuwa kwaya, sauti ya chini. Tuliimba nyimbo za vitabuni tu, mwaka baada ya mwaka, nyimbo za nchi za watu. Na huku tulikuwa na vipaji vya kutosha! Mama Tabu wa Kasokola alitunga huku anapalilia mahindi. Ndugu Maganga, mrina asali wa Inyonga, alikuwa na maneno ya kumfanya mtu asimame njiani. Lakini nyimbo zao zilikufa zikiwa changa. Leo ubeti mmoja, wiki ijayo umesahauliwa. Nikaomba siku nyingi, na moyoni nikapata uhakika kwamba Bwana ananiita niache kazi nikae na watu hawa. Nisiwatungie, nisiwafundishe sauti, ila nikae na mtunzi mpaka wimbo wake ukamilike.

Ndugu zangu, jaribuni nyie kumweleza baba mkwe kazi ya namna hiyo! Aliniuliza kama sasa natunga. Nikasema hapana. Kama napiga ngoma. Hapana. Kama ni mwalimu wa kwaya. Hapana, mwalimu tunaye. Akasema, "Basi wewe ni yule mtu anayekaa jikoni karibu na mpishi, anasubiri kuonja." Wote waliokuwepo walicheka. Mke wangu, Mama Neema, hakucheka. Tulipofika nyumbani aliniambia shamba lipo, njaa hatutakufa. Akaongeza, "Ila Baba Neema, ukiiacha ofisi, uiache kweli."

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia mshahara.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu mwema. Siku ya kuniaga alinipa boksi la sabuni za kunukia zilizotoka Dar es Salaam, kitu adimu huku kwetu, akaniahidi kwamba kiti changu hatampa mtu mpaka mvua za kwanza zinyeshe. Nikichoka na waimbaji wangu, nirudi.

Nilichoka kabla ya mwezi kwisha! Niseme kweli, kwa kuwa niko mbele za Mungu. Nilipata chumba mtaa wa Makanyagio. Nikatundika kipande cha chuma cha reli, nikawa nagonga kengele saa nane kamili. Nikafungua daftari la mahudhurio. Nikaweka meza, na juu ya meza rula. Saa nane nilikuwa peke yangu. Saa tisa nilikuwa peke yangu. Saa kumi anakuja Mama Tabu na mzigo wa kuni kichwani, anasema alikuwa njiani kwenda kwingine. Ndugu Maganga ndiye aliyenimaliza kabisa. Akiamua kwenda porini kurina, anakwenda, harudi kwa majuma matatu, na akirudi anasalimia kana kwamba tuliachana jana.

Na wakija, je? Mtu anaimba ubeti wa kwanza, vizuri. Wa pili naona maneno yamezidi mapigo. Nagonga rula mezani: "Simama hapo." Tunarekebisha. Anaanza tena, naona jambo lingine. "Simama hapo." Mama Tabu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anasema ameshasahau wimbo ulikokuwa unakwenda. Maganga hakulia. Alikunja mikono, akatazama dirishani, akasema ubeti wa tatu bado. Kila mara, ubeti wa tatu bado. Miezi saba hakuna hata mmoja aliyemaliza wimbo. Mimi niliyeacha kazi ili nyimbo zikamilike!

Nilimlalamikia Mungu, ndugu zangu. Sikuomba, nililalamika. Nilimwambia, Bwana, umenitoa kwa watu wanaofika kazini saa moja na nusu, umenileta kwa watu wasiojua leo ni Jumanne. Nililalamika asubuhi shambani, nikalalamika jioni barazani, mpaka Mama Neema akahamishia mkeka wake upande wa pili wa nyumba.

Wakati huo kanisa letu jipya lilikuwa limebaki kuezekwa. Mchungaji alitaka siku ya kuliweka wakfu tuimbe wimbo wetu wenyewe, na wote tulijua ni ule wa Maganga, wenye beti mbili. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Kiti changu kilikuwa na wiki chache tu. Nikaweka nadhiri: Bwana, wimbo huu ukikamilika, nitabaki kwenye kazi hii mpaka kufa. Usipokamilika, narudi masjala, na usiniite tena.

Maganga alikuwa wapi? Porini, bila shaka.

Nikamfuata. Nilipanda lori mpaka Inyonga, nikalala kwa ndugu waumini. Asubuhi nilioga vizuri kwa ile sabuni ya kuagwa, nikavaa shati jeupe, nikachukua daftari na rula, nikapelekwa kwa miguu mpaka kambi ya warina asali ndani ya msitu wa miombo. Nilikusudia kusema naye kwa ukali.

Sikupata nafasi. Nilikuwa bado mbali warina wakaanza kunipungia mikono nirudi nyuma. Nyuki walinifikia kwanza. Waliniuma shingoni, masikioni, na mmoja juu ya jicho. Wale warina wanatembea huko miaka yote, wala hawapaki sabuni wakiwa kambini, maana harufu inawakasirisha nyuki. Maganga alinivuta mpaka kwenye moshi, akaninusa, akatikisa kichwa. "Karani," akasema, "umekuja kuposa au umekuja kazini?"

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakanipa amri: nikae kwenye kibanda cha mbali, karibu na moto wa majani mabichi, nisiwakaribie wao wala mizinga, nisipige kelele, mpaka harufu initoke. Nikauliza ni kwa muda gani. Wakasema siku tatu, kama sitatoa jasho jingine la sabuni.

Siku tatu! Jicho limevimba, shati limekuwa jeusi kwa moshi, daftari mapajani, na sina mtu wa kumwandika. Siku ya kwanza nililalamika kwa Mungu kutwa. Siku ya pili nilichoka kulalamika, nikakaa tu. Siku ya tatu asubuhi Maganga alikuja karibu na kibanda changu kubandua gome la mti wa kutengenezea mzinga. Hakunitazama. Alipiga shoka taratibu, na kwa mapigo hayo akaanza kuimba ule wimbo.

Ubeti wa kwanza. Wa pili, na pale pale maneno yakazidi mapigo. Mkono wangu ukaenda kwenye rula. Nikakumbuka nimekatazwa kupiga kelele. Nikauuma mdomo.

Akaingia wa tatu. Ndugu zangu, kulikuwa na wa tatu! Yale maneno yaliyozidi kwenye wa pili yalikuwa yanaingojea sauti ya wa tatu, yakapokewa, yakakaa. Akaingia wa nne, kuhusu mrina aliyetundika mzinga mbali, akasahau njia. Wa tano. Wa sita akaimba polepole:

"Mti nilioupoteza, Wewe waujua,
Njia iliyofungwa na majani, Bwana, waipita."

Shoka likanyamaza. Nilikuwa nalia, kwa jicho zima na kwa lililovimba. Nilimuuliza kwa sauti ya chini ameumaliza lini.

"Tangu mavuno," akasema. "Mwisho ulikuwepo, Karani. Wewe hujawahi kuufikia."

Hakusema kwa hasira. Akachukua gome lake akaenda.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilitoka masjala kwa miguu, lakini masjala ilikuwa imekaa ndani yangu, nami nilikuwa naiita karama. Na nikaona jambo jingine lililonitia aibu zaidi. Miezi saba nilikuwa nimemlalamikia Mungu, maneno yangu yamezidi, hayana mpangilio, mengine ni ya utovu wa adabu. Hata mara moja hakuniambia simama hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Niliporudi Mpanda nilikwenda kwa mkuu wangu wa zamani, nikamshukuru, nikamwambia kiti ampe mtu mwingine. Sabuni zilizobaki nikampa baba mkwe. Rula alichukua Mama Neema, akawa anakorogea nayo chokaa. Siku ya kuweka wakfu kanisa tuliimba beti zote sita, na watu wakasimama wenyewe bila kuambiwa. Maganga hakuwepo. Alikuwa porini.

Basi msidhani nimewekwa huru kutoka kwa watunzi! Bado wananisumbua. Bado nangoja saa nane, wanakuja saa kumi. Lakini Mama Tabu ana nyimbo kumi na moja zilizokamilika, nami kazi yangu ilikuwa kukaa na kunyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Nawe uliyekaa hapa, una jambo ambalo kila ukilianza watu wanakukatiza, mpaka na wewe unasema bado, bado: mpelekee Yeye. Mwamini. Piga magoti hapo ulipo, mwambie yote, hata yasiyo na mpangilio. Sisi wengine tutanyamaza. Anza, ufike mwisho.