Sylvester Luhende, Fundi Aliyefuta Jina la Jilala

Mwangaluka, ndugu, jamaa na majirani. Mimi ni Lukresia Luhende, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu. Kaka aliniagiza mambo mawili kuhusu wasifu wake: usiwe mrefu, na usimfanye malaika. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Marehemu Sylvester Luhende alizaliwa hapa Sapiwi tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Luhende Maige na Mama Milembe. Mwenyewe alikuwa akisema ni 1952 ili aheshimiwe zaidi vijiweni, lakini cheti cha ubatizo ninacho mimi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa nyumbani na kumaliza darasa la saba mwaka 1969. Baada ya masomo alichunga ng'ombe wa baba. Siku moja waliingia kwenye pamba ya jirani huku yeye amekaa kivulini akiifungua redio ya jirani huyo huyo, aone sauti inatokea wapi. Pamba ilichipua tena. Redio haikupona.

Mwaka 1974 alijiunga na Jeshi la Wananchi, akafundishwa ufundi wa silaha. Alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978, akarudi 1979 akiwa mzima na nishani yake. Vita hakupenda kuvizungumzia. Kutu ndiyo aliyoizungumzia. Jeshini kutu ni adui, alisema. Unaikwangua mpaka chuma kiwe cheupe.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Domitila katika Kanisa Katoliki Bariadi, wakajaliwa watoto watano. Alistaafu jeshi mwaka 1994 na kufungua karakana nyuma ya stendi ya Bariadi, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Alitengeneza vitasa, cherehani na mabomba ya kupulizia dawa ya pamba. Askari wenzake wakaanza kumletea nishani zao zilizoharibika, na baadaye familia zikaleta za babu zao.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watoto wake walitaka nilipite haraka. Marehemu alishakataa.

Mwezi Agosti 1998, Mayu, yaani Mama, Nyamizi Salu wa Ngulyati alimletea nishani ya shaba ya guku wake, babu yake, Jilala. Huyu Jilala alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vile vya kwanza vya Wajerumani, akafia njiani. Kaburi lake halijulikani mpaka leo. Kilichorudi ni hiyo nishani, yenye namba na jina lake vilivyogongwa ukingoni. Kila familia ilipotambika, iliipaka samli. Samli ilichacha miaka kwa miaka, ikaivisha shaba ukoko wa kijani.

Kaka hakuutazama ukingo. Aliisugua kwa ndimu, majivu na msasa, kama bunduki, ikang'aa kama sarafu mpya, naye akajisifu. Mayu Nyamizi hakujua kusoma. Aliipokea, akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, akauzungusha mara ya kwanza na mara ya pili.

"Ng'wana Luhende, jina liko wapi?"

Kaka akatazama. Hapakuwa na kitu.

"Guku hana kaburi," mama yule akasema. "Alikuwa anakaa hapa."

Akaifunga kwenye kanga yake, akaondoka. Kaka alifunga karakana wiki nzima. Alituma wazee kuomba radhi, wakarudi bila jibu. Alipeleka mbuzi, naye akarudishwa. Akaahidi kuligonga jina upya kwa vyuma vya herufi alivyozoea kuvitumia jeshini. Akaambiwa asikanyage tena pale. Iliniuma kumwona vile, na nilimwambia amwache bibi huyo na hasira zake. Hakunisikia.

Alichofanya ni kwenda Mwanza kumtafuta mtu anayejua kutunza vitu vya kale, akajifunza upya akiwa na miaka arobaini na minne. Tangu hapo, kabla ya kugusa nishani yoyote, alinakili daftarini kila neno na kila namba iliyomo. Kisha mswaki laini na maji yasiyo na chumvi. Ukoko wa kijani unaokula shaba aliutoa polepole kwa kijiti cha mwanzi, akakausha vizuri, akamalizia na nta ya nyuki. Weusi wa uzee aliuacha. Wifi yangu anasema hajawahi kumwona mwanamume mwingine anayeiba miswaki ya wanawe. Wateja walilalamika, "Fundi, mbona bado nyeusi?" Naye akawauliza, "Baba yako alipoota mvi, ulimpiga msasa?"

Mwaka 2022 figo zake zilianza kusumbua. Alitibiwa Bariadi na Mwanza, na mwaka huu akaomba abaki nyumbani. Jumamosi ya tarehe 3 Mei bodaboda ilisimama mlangoni, akashuka Mayu Nyamizi, miaka themanini na mitano. Mimi na Domitila tulikuwepo.

"Nimesikia unaumwa."

"Naumwa, mayu."

"Na mimi siku zangu zimekwisha. Wajukuu wanaichezea hii kwa sababu haina mwenyewe. Ligonge jina."

Kaka, kwa ubishi wake, akajibu kwamba kitaalamu haifai kuongeza maandishi kwenye kitu cha kale.

"Utaalamu wako ndio uliotufikisha hapa," mama akasema.

Kaka alicheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. Akaagiza vyuma vyake vya herufi viletwe. Domitila aliibana nishani kati ya mbao mbili, mimi nikampa chuma kimoja kimoja. Herufi sita zilichukua asubuhi nzima. Namba hakuna aliyeikumbuka, hiyo imepotea.

Mayu Nyamizi akapitisha ukucha. "Limepinda."

"Limepinda, mayu. Nisamehe."

"Guku mwenyewe walisema alikuwa na matege," akasema. "Yameisha, ng'wanawane, mwanangu."

Marehemu alifariki nyumbani kwake Bariadi, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha mjane, Domitila. Watoto watano, Dastan, Milembe, Joakim, Gloria na Selestini. Wajukuu kumi na mmoja, na sisi wadogo zake watatu. Juzi, kabla ratiba hii ya mazishi haijachapwa, Mayu Nyamizi alifika msibani na mkeka wake. Mabinti walimwonyesha mahali pa wageni. Akakataa. Alisema hakuja kutoa pole, amekuja kupewa pole. Yuko pale, kando ya Domitila. Kwa hiyo naandika hivi: marehemu ameacha pia mama mmoja, Nyamizi Salu wa Ngulyati.

Mungu ampokee kaka yetu na kumpa pumziko la amani.