Mwalimu Dionisia na Bandari ya Naipingo

Tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Dionisia Eustakio anastaafu rasmi baada ya kufundisha Jiografia kwa miaka thelathini na mitatu, yote katika shule yetu hii ya parokia hapa Naipingo. Amewahi kuitwa kuhamia mjini, akakataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba hawezi kuiacha Hong Kong bila mtu wa kuitunza.

Mgeni atakayesoma taarifa hii huenda akashangaa. Wenyeji hatushangai tena. Kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla korosho hazijaanza kuanguka, uwanja wetu wa nyuma ya jiko hugeuka mji wa Hong Kong, wenye bandari, kilima, feri na sanamu, na watu hutoka Kilimarondo hadi Nambilanje kuja kutalii. Siku hiyo inaitwa Siku ya Bandari, na mwanzilishi wake ni huyu mama mfupi mwenye sauti ya kengele.

Mambo yalianza kwa hasira. Alipofika hapa mwaka 1992, alikuta wanafunzi wamekariri sifa za mji wa bandari neno kwa neno, na karibu wote hawajafika hata Lindi. Akamuuliza Modest, kijana aliyeongoza mtihani, bandari ni nini hasa. Modest akajibu kwamba ni kitu cha kujaza kwenye mtihani. Mwalimu hakumchapa. Alikwenda stoo, akachukua jembe, akawatoa wote nje. Alikuwa na ramani ya watalii ya Hong Kong aliyoachiwa na sista mmoja wa hospitali ya misheni, na mji huo ndio ulioanza kuchimbwa siku ile ile.

Kichuguu kikubwa kilichopo nyuma ya jiko kilifanywa Kilele cha Victoria, mahali ambapo watalii hupanda kuutazama mji wote kwa chini. Kule kwenyewe wanapanda kwa treni inayovutwa na kamba ya chuma. Sisi tuna toroli na kamba ya kisima, na vijana wa kidato cha nne ndio mtambo. Mkuu wa shule wetu wa zamani, Mwalimu Felisian, alisisitiza kupanda mwenyewe ingawa mwili wake ulimruhusu kukaa tu. Kamba ikakatika katikati ya safari. Alishuka na toroli lake mpaka mtaa wetu wa Kowloon, akavunja maghorofa mawili ya maboksi ya sabuni, akasimama, akajikung'uta vumbi na kutangaza kwamba mandhari ni nzuri.

Mnara wa saa ulio karibu na gati la feri ulijengwa kwa matofali mabichi, na saa yake ilikuwa ni ile ya ukutani ya ofisi ya walimu. Mwalimu Dionisia aliiazima kwa siku moja, akairudisha baada ya wiki. Walimu tulichelewa vipindi wiki nzima, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutulaumu.

Ipo pia sanamu. Hong Kong ina sanamu kubwa ya shaba ya Buddha ameketi juu ya mlima, na wageni hupanda ngazi nyingi kumfikia. Yetu ilifinyangwa kwa udongo, ikatulia vizuri sana. Bibi Bertha, mama mkubwa wa wanakwaya, alipoifikia alipiga ishara ya msalaba, akapiga goti na kuuliza huyu ni mtakatifu wa wapi mwenye afya njema namna hii. Padre Silvanus, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiizunguka sanamu hiyo kwa wasiwasi, alicheka mpaka akakalia ngazi. Wasiwasi wake uliishia hapo.

Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja tu. Anayeongoza wageni haruhusiwi kushika karatasi. Mgeni akiuliza, ajibiwe kutoka kichwani. Mzee mmoja wa Kilimarondo aliwahi kuuliza kama tembo wa Hong Kong nao huingia mashambani. Happy wa kidato cha pili akamjibu kwamba katikati ya mji ule hakuna mashamba. Mzee akasikitika kweli kweli. "Sasa wanakula nini watu wale, mjukuu wangu?" Happy akamwonyesha bandari, akamwambia kwamba chakula chao karibu chote kinafika na meli. Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yao alipiga makofi peke yake. Somo la muhula mzima lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Lakini siku itakayokumbukwa ni ya Septemba 2013, na hapo naomba nisimulie taratibu kidogo.

Miaka hiyo wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa walikuwa bado wageni kwetu, na manung'uniko juu ya ng'ombe na mashamba yalikuwa mengi. Mwalimu Dionisia alikuwa amekwenda kwa miguu hadi kwenye boma la Mzee Lubasha, akakaa hapo tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi, ndipo akaondoka na ahadi kwamba Lydia, binti wa mzee huyo, atasoma. Lydia alikuja, lakini hali haikuwa nzuri. Wenzake hawakutaka kukaa naye dawati moja. Mwalimu akampa kazi kubwa kuliko zote, ya kuongoza wageni kwenye feri.

Bandari ilichimbwa, ikasiribwa udongo wa kichuguu, ikatandikwa maturubai ya kuanikia korosho. Wanafunzi walibeba ndoo za maji siku nzima ya Ijumaa. Feri ya madumu, iliyopakwa kijani na nyeupe, ikaelea. Tulilala na furaha.

Jumamosi alfajiri bandari ilikuwa tope. Feri imelala ubavu, maturubai yamejaa alama za kwato, na kundi zima la ng'ombe limesimama Kowloon likicheua. Walikuwa wakielekea mtoni, wakasikia harufu ya maji, wakaona hakuna haja ya kuendelea mbele. Walikuwa ng'ombe wa Mzee Lubasha.

Wazazi waliokwisha kufika walipandisha hasira. Wengine walitaka twende ofisi ya kijiji kudai fidia, na wengine walisema wazi, bila kushusha sauti, kwamba watoto wa wafugaji wakasome huko walikotoka. Wageni wa idara ya elimu kutoka Nachingwea walikuwa njiani. Lydia alikuwa nyuma ya jiko na begi lake begani, anasubiri njia iwe tupu aondoke. Sote tulijua kwamba akiondoka siku ile, kwa aibu ile, harudi tena.

Mwalimu Dionisia alimfuata, akamkabidhi kamba ya toroli. Akamwambia amfunge yule dume mkubwa kwenye mlingoti wa bendera. Kati yetu sote pale, walimu kwa wazazi, hakuna mwingine ambaye angethubutu kumsogelea. Lydia alikwenda, akamsemesha dume kwa Kisukuma, akamfunga.

Kisha Mwalimu akapanda juu ya kichuguu. Wamwera, wenyeji wa hapa, na watani wao, mimi Mngoni nikiwa mmoja, tunazo desturi zetu. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki wala humshitaki. Unamkamata, unataja cha kujikombolea, na watu wanacheka. Mwalimu akatangaza kwa sauti yake ile: "Kuanzia leo Wasukuma ni watani wa shule hii. Wamekunywa bandari yetu, na sisi tumekamata meli yao. Haitoki mpaka bandari ijae!"

Bibi Bertha akaanza kucheka, na uwanja mzima ukamfuata. Mtu akishacheka, kurudi kwenye hasira ni kazi ngumu.

Mzee Lubasha alifika anatweta, fimbo mkononi, tayari kwa ugomvi. Alimtazama dume, akamtazama binti yake aliyeshika kamba, akaelezwa mashitaka. Kwao pia watani wapo, kwa hiyo alielewa upesi kuliko tulivyotegemea. "Mwalimu," alisema, "ng'ombe haijui bandari. Ng'ombe inajua maji. Lakini kama nimekamatwa, nitajikomboa." Akaondoka. Aliporudi alikuwa na ndugu zake wote wenye mikokoteni ya ng'ombe, na kila mkokoteni umebeba mapipa ya maji ya mtoni. Wazazi wale wale waliotaka fidia walipokea ndoo. Bandari ilijaa kuliko siku zote, na Lydia akapanda feri, akavuta pumzi, akasema, "Karibuni Hong Kong."

Afisa mmoja wa elimu aliuliza lile dume kwenye mlingoti ni kivutio gani. Lydia hakupepesa macho. Alimjibu kwamba hiyo ni meli iliyokamatwa, na kwamba itaondoka jioni baada ya taratibu za bandari kukamilika.

Jumatatu iliyofuata Lydia alikuwa na wenzake wawili kwenye dawati lake. Tangu mwaka ule maji ya bandari huletwa na mikokoteni ya wafugaji, na dume mmoja hukamatwa kwa heshima. Mzee Eustakio, baba yake Mwalimu, alipofariki, Lubasha alikuja msibani kama mtani, akajilaza mlangoni akidai wafiwa wamlipe ndipo wapite. Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. Nilikuwepo, nami nililia.

Ningeweza kutaja ufaulu wa Jiografia, ambao umetupa jina Nachingwea na Ruangwa. Ningeweza kumtaja Modest, ambaye leo anafanya kazi kwenye bandari ya kweli kule Mtwara. Lakini Mwalimu mwenyewe ameniagiza nisizidishe sifa, maana Wangoni tunajulikana kwa kutia chumvi.

Jambo moja hakuliagiza kwa sababu halijui mpaka anaposikia maneno haya yakisomwa. Mwalimu Dionisia, umeiongoza Hong Kong miaka yote hii na hujawahi kuiona. Wanafunzi wako wa zamani wamechanga, na Desemba hii unakwenda. Utapanda kilele kwa treni yenye kamba isiyokatika, utamwona mtakatifu wa Bibi Bertha, na utavuka kwa ile feri ya kijani na nyeupe. Hutakwenda peke yako. Atakayekuongoza, bila karatasi mkononi, ni Mwalimu Lydia Lubasha, ambaye Januari anapokea kipindi chako, jembe lako na bandari yako.

Asante kwa kazi, mama yetu. Nenda ukapumzike vizuri, ule korosho zako kwa amani na uishi miaka mingi ya furaha. Na mkifika gatini, kabla hamjapanda feri, angalieni kwanza kama maji yapo. Mzee Lubasha anasema mikokoteni iko tayari.

Alfred, Idara ya Hisabati, kwa niaba ya walimu na watani wote