Taya la Dalali

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

DALALI: Mm... shikamoo.

DADA: Marahaba, lakini nani? Toa kwanza hicho kiazi mdomoni!

DALALI: Kiazi gani? Ni mdogo wako! Taya linauma, siwezi—

DADA: Dalali! Nilidhani mlevi kakosea namba. Umetoka hospitali? Majibu?

DALALI: Subiri nikupe mkasa. Juzi mnadani nanadi kabati, napaza sauti, “Nani zaidi?” Taya likanata. Mdomo wazi, haufungi!

DADA: We! Na wateja?

DALALI: Wakadhani nimeshangaa wanavyotaja bei za aibu. Wakazidi kupanda! Kabati limejaa mchwa, dada, limegombewa kama bibi harusi.

DADA: [anacheka] Huna haya. Majibu sasa—

DALALI: Eksirei ikaonyesha mfupa mzima. Ndipo wakanisukumia kwenye emarai, lile bomba la picha linalogonga kama—

DADA: Unakatika! Kama nini?

DALALI: Kama mafundi bati wamegombana! Huku mpiga picha ananiambia, “Funga mdomo. Haya, fungua. Usiongee.”

DADA: Wewe, usiongee? Walikufunga kamba?

DALALI: Nilinyamaza mwenyewe.

DADA: Mama naye alianza na taya, tukaishia kumzika.

DALALI: Dada, mimi—

DADA: Haloo? Upo?

DALALI: Nipo. Dada—

DADA: Unaniletea habari za kabati! Sema. Nimeshakaa.

DALALI: Si kile.

DADA: Rudia, mtandao una—

DALALI: Si kile cha Mama! Hakuna uvimbe. Kwenye kiungo cha taya kuna kisahani cha gegedu, ile nyama ngumu kama ya sikio. Picha zimeonyesha kimeteleza mbele, nikifungua mdomo kinakwama. Basi.

DADA: Kisahani?

DALALI: Kisahani tu.

DADA: Mshenzi mkubwa wewe! Ungeanza na hilo!

DALALI: Nilitaka kwanza nikusikie ukicheka.

DADA: Pumbavu. [anavuta kamasi] Na tiba?

DALALI: Vyakula laini, mazoezi ya taya, kifaa cha kuvaa menoni nikilala. Na marufuku kupiga kelele.

DADA: Mkeo kapata likizo.

DALALI: Anaimba tangu asubuhi. Baba yupo?

DADA: Yupo hapa, simu iko kwenye spika.

DALALI: Tangu mwanzo? Anasemaje?

DADA: Hasemi. Anavaa viatu.

DALALI: Anakwenda wapi?

DADA: Kwako. Anataka kuliona hilo taya kwa macho yake.

DALALI: Mwambie apumzike, nitakuja mwenye— salio linaisha—

DADA: Ashatoka! Baba! Kavaa kiatu kimoja chake, kimoja cha mume wangu! Ngoja nimkimbi—